Tarakimu Sita Baada ya Nukta: Data Huria za Mahali na Watu Waliomo Ndani Yake

Fungua jedwali lolote la data za mahali, utazame safuwima za latitudo na longitudo. Mara nyingi utakuta tarakimu sita baada ya nukta, wakati mwingine kumi na zaidi. Digrii moja ya latitudo ni takriban kilomita 111 ardhini. Kwa hiyo tarakimu mbili baada ya nukta zinakufikisha ndani ya kilomita 1.1, tatu ndani ya mita 111, nne mita 11, tano mita 1.1, na sita sentimita 11. Simu ya kawaida, hata mahali palipo wazi, hukosea kama mita tano. Maana yake tarakimu ya sita haikupimwa na mtu yeyote. Imebaki pale kwa sababu programu haikuambiwa ikome wapi. Lakini zile nne za mwanzo ni za kweli, na zinatosha kumfikisha mgeni mlangoni kwa mtu.

Naanza na hesabu hii kwa sababu mijadala ya maadili ya teknolojia ya ramani hupenda kuanzia juu mno. Watu hubishana kuhusu uwazi na faragha, huku uamuzi wenyewe ukiwa umeshafanyika zamani, pale mtu alipohifadhi faili na kuacha tarakimu zote kama zilivyotoka kwenye kifaa. Msimamo wangu ni kwamba data za mahali zifunguliwe, tena nyingi kuliko ilivyo sasa. Ila kila safuwima na kila tarakimu inayotoka iwe imeshaulizwa inamsaidia nani, na inaweza kumuumiza nani.

Kilichopatikana kwa kufungua

Anayeogopa madhara asisahau tulikotoka. Hadi Mei 2000 Marekani ilikuwa ikiyavuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yaliyowafikia raia, na kosa likafika kama mita 100. Utaratibu huo ulipozimwa, usahihi uliongezeka hadi mara kumi, na kila ramani ya simu tunayoitumia leo imesimama juu ya uamuzi ule.

Satelaiti za Landsat zimekuwa zikipiga picha za dunia tangu 1972, lakini hadi 2008 picha moja ya Landsat 7 iliuzwa dola 600. Mtafiti aliyetaka kufuatilia msitu kwa miaka 20 alinunua picha mbili tatu, akakisia yaliyotokea katikati. Zilipoanza kutolewa bure, kazi yenyewe ilibadilika: watu wakaacha kuokoteza picha, wakaanza kuchambua rundo zima. Mwaka 2013 ilitoka ramani ya mabadiliko ya misitu ya dunia nzima iliyotumia zaidi ya picha 650,000 za Landsat. Kwa bei ya zamani picha hizo peke yake zingegharimu zaidi ya dola milioni 390, yaani ramani ile isingekuwepo.

Na kuna Haiti. Tetemeko la tarehe 12 Januari 2010 liliikuta Port-au-Prince ikiwa karibu tupu kwenye OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa na Steve Coast nchini Uingereza mwaka 2004. Kampuni za satelaiti zilipotoa picha mpya, mamia ya watu wa kujitolea kutoka pande zote walichora barabara, majengo yaliyoanguka na kambi za mahema kwa muda wa siku chache, na waokoaji wakaziingiza ramani hizo kwenye vifaa vyao vya GPS. Ramani iliyofungwa kwenye kabati la ofisi, na ofisi yenyewe imebomoka, haimsaidii aliye chini ya kifusi.

Kwa hiyo anayesema dawa ya hatari ni kufunga kila kitu hajaihesabu gharama ya kufunga.

Haba na haba

Tatizo la data za mahali ni kwamba hazikai peke yake. Kila jedwali lina ufunguo wa kuliunganisha na majedwali mengine yote duniani, nao ni mahali penyewe. Jina unaweza kulifuta. Nyumba anakolala mtu na sehemu anakoshinda mchana vikibaki, jina litarudi.

Utafiti uliochapishwa 2013, ukitumia data za simu za watu milioni 1.5 kwa miezi 15, ulionyesha kwamba nukta nne tu za mahali na saa zinatosha kumpambanua mtu mmoja kati ya wote hao kwa asilimia 95. Na data zile hazikuwa za GPS: mahali palikuwa mnara wa simu, na muda ulikuwa saa nzima nzima. Jambo lililonishughulisha zaidi ni lile lililofuata: ukipunguza usahihi, upekee wa mtu unapungua polepole sana. Kufifisha nukta kidogo tu, halafu ukaandika kwamba data zimefichwa utambulisho, ni kujidanganya.

Mwaka 2014 yalitoka hadharani majedwali ya safari za teksi za New York za mwaka 2013, safari zaidi ya milioni 170, kila moja ikiwa na mahali na saa ya kupanda na kushuka. Namba za teksi na za leseni za madereva zilikuwa zimegeuzwa kwa hashi ya MD5, yaani hesabu inayogeuza namba kuwa mfuatano wa herufi usiorudishika moja kwa moja. Kosa lilikuwa kwenye idadi: namba hizo hufuata mpangilio maalumu, kwa hiyo zinazowezekana ni chache kiasi kwamba kompyuta ya kawaida inazipitia zote, inapiga hashi ya kila moja, kisha inalinganisha. Ndani ya saa chache kila teksi ilikuwa imerudishiwa namba yake. Baadaye watu wakachukua picha za watu maarufu wakipanda teksi, namba ikionekana, wakasoma walikoshukia. Hashi bila chumvi, yaani neno la siri linaloongezwa kabla ya kupiga hashi, juu ya orodha fupi, ni kitambaa chepesi kinachoonyesha kilichofunikwa. Ukilazimika kuwa na kitambulisho, tengeneza namba nasibu mpya kwa kila rekodi, kisha jedwali la kuziunganisha liteketezwe au lifungiwe mbali na faili linalochapishwa.

Mfano mwingine ni ramani ya joto ya Strava, programu ya kurekodi mazoezi; palipopitiwa na wengi hung'aa zaidi. Ilitolewa Novemba 2017 ikiwa mkusanyiko wa mazoezi ya watu wengi, bila jina la mtu. Januari 2018 mwanafunzi wa Australia, Nathan Ruser, alionyesha kwamba kwenye maeneo yenye giza totoro, jangwani na milimani, mistari michache inayong'aa ilichora kambi za kijeshi na njia za askari wanaokimbia asubuhi. Mjini mkusanyiko ulificha watu kwa sababu walikuwa wengi. Jangwani watu wanane hawakuwa mkusanyiko. Ndiyo maana jumla yoyote inayochapishwa kwa mahali inahitaji kizingiti: seli, yaani kipande cha ramani, isiyofikisha idadi fulani ya watu, wengi hutumia 5 au 10, haionyeshwi kabisa.

Kizingiti nacho kina mtego wake. Ukificha kata moja na kuiacha jumla ya wilaya, msomaji atatoa kata nyingine zote kwenye jumla na kupata uliyoificha. Ficha angalau kata mbili, au zungusha jumla. Vivyo hivyo, ukichapisha takwimu zilezile kwa kata na tena kwa gridi ya kilomita moja, vipande vidogo ambapo mipaka miwili inakatana vinaweza kumbakiza mtu mmoja ndani. Chagua mgawanyo mmoja, ubaki nao.

Kupunguza, na yanayoharibika wakati wa kupunguza

Njia rahisi ni kufupisha tarakimu. Kwa kisima cha umma acha tano, kwa sababu fundi anahitaji kukifikia. Kwa kaya iliyohojiwa, mbili zinaweza kutosha, na hata hizo zitazame ukijua idadi ya watu wa pale, kwani kilomita moja ya mraba mjini ni maelfu ya watu na nyikani ni familia moja. Kumbuka pia kwamba longitudo husinyaa kadiri unavyokwenda mbali na ikweta: kwenye latitudo ya 60, digrii moja ya longitudo ni nusu tu ya ile ya ikweta, kwa hiyo tarakimu zilezile mbili zinaficha nusu ya upana uliodhani umeuficha.

Makosa ninayoyaona yakirudiwa zaidi yako kwenye faili. Mtu anafupisha safuwima za latitudo na longitudo, anafurahi, anachapisha. Lakini shapefile, muundo mmoja wa kuhifadhi ramani, ni rundo la mafaili: safuwima zako zimo kwenye .dbf, na umbo lenyewe limo kwenye .shp, ambalo hujaligusa. Kwenye GeoJSON, muundo mwingine wa faili la ramani, ni vivyo hivyo: sifa zimefupishwa na jiometria, yaani umbo, iko vilevile. Wakati mwingine kuna safuwima ya tatu iliyosahaulika, yenye msimbo wa mahali au anwani, nayo inarudisha kila kitu. Kwa hiyo baada ya kufupisha, lifungue faili lililo tayari kuchapishwa kwenye kompyuta nyingine au folda tupu, chora nukta zake upya juu ya picha ya satelaiti, na utazame kama zinaangukia kwenye mapaa. Zikiangukia kwenye mapaa, hujafanya kitu.

Ramani za mtandaoni zina udanganyifu wa namna yake. Nukta zinafichwa mpaka msomaji asogeze karibu, au zinaonyeshwa kama duara kubwa lenye namba. Machoni zimefichwa, ila seva imeshatuma faili zima kwenye kivinjari, na yeyote anayejua kufungua zana za wasanidi analisoma lote. Kinachopaswa kufichwa kifichwe kabla hakijafika kwenye seva.

Picha za simu hubeba koodineti ndani yake. Programu ya exiftool huziondoa kwa amri moja, `exiftool -all= picha.jpg`, lakini kwa kawaida huacha pembeni nakala ya awali yenye jina `picha.jpg_original`, na koodineti zake zimo zote. Folda ikipandishwa nzima, nakala hiyo inapanda nayo. Ongeza `-overwrite_original`, au futa nakala kwanza.

Njia ya pili ni kuhamisha nukta. Tafiti za DHS za idadi ya watu na afya hufanya hivi kwa utaratibu unaojulikana: hazitoi nyumba kabisa, zinatoa katikati ya kundi la kaya, kisha nukta hiyo inahamishwa hadi kilomita 2 kwa maeneo ya mijini na hadi kilomita 5 kwa vijijini, na asilimia moja ya makundi ya vijijini huhamishwa hadi kilomita 10. Uzuri wake ni kwamba kanuni imetangazwa. Mchambuzi anajua ukubwa wa kosa na anaweza kulihesabu, kwa mfano kwa kutotumia nukta hizo kupima umbali wa mita 500 hadi zahanati.

Ukitaka kuifanya mwenyewe, angalia hesabu. Ukichagua umbali wa nasibu kati ya sifuri na kiwango cha juu, nukta nyingi zitabaki karibu na pale pa kweli, kwa kuwa eneo la duara hukua kwa mraba wa umbali. Chukua namba nasibu kati ya 0 na 1, tafuta kipeuo chake cha pili, ndipo uzidishe kwa kiwango cha juu. Bora zaidi weka pia umbali wa chini, ili nukta isije ikahamishwa mita tatu tu. Zuia zisivuke mpaka wa wilaya wala kuangukia ziwani, maana nukta iliyo majini inatangaza kwamba imehamishwa na inadokeza ilikotoka. Na zaidi ya yote, hamisha mara moja tu. Anayehamisha upya kila robo mwaka anampa msomaji nukta nyingi zilizoizunguka nyumba moja, na wastani wake ni nyumba yenyewe.

Hali hiyo naomba tuitazame kwa karibu kwenye mfano mmoja, kwa sababu unaonyesha jinsi kinga iliyowekwa kwa nia njema inavyogeuka dira. Programu za mazoezi humruhusu mtu kuficha duara kuzunguka nyumbani kwake, tuseme la mita 200. Anapoanza kukimbia, mstari wake hauonekani mpaka avuke duara. Leo ametokea upande wa mashariki, kesho kusini, keshokutwa kaskazini-magharibi. Kila mstari umekatwa palepale kwenye mzingo. Chukua nukta tatu za kukatikia, ziunganishe kwa mistari miwili, ukate kila mmoja katikati kwa mstari mwingine wa pembe mraba, na mahali mikato hiyo miwili inapokutana ni katikati ya duara. Hiyo ni jiometria ya shule. Mtu akitazama mistari ya wiki moja, nyumba imepatikana, na kadiri mkimbiaji anavyotumia programu kwa uaminifu ndivyo jibu linavyokuwa sahihi. Dawa ni kusogeza katikati ya duara kwa nasibu mara moja, kuacha eneo lililofichwa liwe na umbo lisilo la kawaida, na kutoutangaza pia urefu wa sehemu ya safari iliyofichwa, kwa sababu tofauti kati ya kilomita zilizotangazwa na kilomita zinazoonekana ni kipimo kingine cha kumsaidia msakaji.

Viumbe nao wana haki yao hapa. Mjusi aitwaye kisayansi Goniurosaurus luii alielezwa mwaka 1999, na mahali alipopatikana pakaandikwa kama desturi ya wanasayansi inavyotaka. Wafanyabiashara wa wanyama wa kufuga wakafika, na mjusi yule akatoweka pale alipogunduliwa. Tangu hapo wataalamu wengi huacha koodineti nje ya maelezo ya spishi zinazotafutwa, na hifadhidata za bioanuwai hufupisha mahali pa spishi hatarishi hadi gridi ya kilomita kadhaa. Wakifupisha huandika kwamba wamefupisha, na kwa kiasi gani. Jambo hilo dogo linaheshimu wote wawili, mjusi na mchambuzi.

Anayechorwa

Tumezoea kuomba ridhaa mara moja: je, tunaweza kukuhoji na kurekodi mahali? Maswali yanayohitajika ni mawili, na yanatengana. La kwanza ni kurekodi. La pili ni kuchapisha, na humo anayeulizwa aonyeshwe ramani jinsi itakavyoonekana, siyo asomewe aya. Mtu anayekubali mhudumu wa afya ajue nyumba yake hajakubali dunia nzima iijue. Data zilizochukuliwa kwa ridhaa ya kwanza tu zisichapishwe chini ya leseni huria kwa sababu mfadhili anapenda uwazi.

Leseni yenyewe ina mipaka ambayo watu huisahau. Inaamua nani anaweza kunakili, kubadilisha na kuuza. ODbL, leseni ya hifadhidata huria ambayo OpenStreetMap ilihamia mwaka 2012, inamtaka anayetoa hadharani hifadhidata iliyotokana nayo aitoe kwa masharti yaleyale. Leseni ya CC BY inataka mwenye kazi atajwe. CC0 haitaki chochote. Ukichanganya data za ODbL na data zinazokataza biashara, umepata kitu ambacho huwezi kukichapisha kihalali, na hilo hugunduliwa mwishoni, kazi ikiwa imekwisha. Lakini hakuna leseni hata moja inayomzuia mwizi wa ng'ombe au mnyanyasaji, kwa kuwa hawasomi leseni. Kinachoweza kuumiza kizuiwe kwa kutokuwemo.

Kwa jamii zinazochora ardhi yao, kanuni za CARE zilizotolewa 2019 na muungano wa watu wa asili kuhusu data zinasaidia: manufaa ya pamoja, mamlaka ya kusimamia, uwajibikaji na maadili. Kwenye kazi ya kila siku, hizo zinageuka kuwa ramani kubwa ya karatasi iliyotandazwa, wenyeji wameizunguka, na orodha tatu. Ya kwanza ni vinavyoonekana na wote: barabara, shule, vituo vya maji. Ya pili ni vinavyobaki kwa wenyeji na wale waliowateua, kama njia za malisho wakati wa ukame. Ya tatu ni vile visivyoandikwa popote, makaburi ya wazee, mahali pa ibada, mimea ya dawa. Orodha ya tatu ndiyo inayosahaulika, kwa sababu vifaa vyetu havina kitufe cha kutorekodi. Wakati wa kuandaa fomu ya simu, sehemu ya koodineti iwe ya hiari, na mrekodi aruhusiwe kuiruka bila fomu kukataa kufungwa.

Mpaka unahitaji tahadhari ya pekee. Vijiji vingi hugawana ukanda mpana ambao hutumiwa na pande zote kwa misimu. Mchoraji anafika na programu inayodai mstari. Akichora mstari mwembamba katikati ya ukanda, ametengeneza mgogoro ambao haukuwepo. Chora ukanda kama poligoni (umbo lenye eneo) ya tatu, uupe jina lake, na kwenye sifa andika nani anautumia na lini. Programu zote za GIS, yaani za kuchora na kuchambua ramani, zinaweza hilo; ni mazoea tu ndiyo hayapendi.

Hayo yote yanachukulia kwamba mtu yupo anayechora. Siku hizi mara nyingi hayupo. Tangu 2021 Google imekuwa ikitoa data huria za majengo, ikianza na Afrika, zilizotambuliwa na akili mnemba kutoka kwenye picha za satelaiti, na Microsoft inatoa zake. Ni msaada mkubwa kwa maeneo ambayo hayakuwahi kuwa na ramani. Ila algoriti hukosea kwa mpangilio, na mpangilio huo huwaangukia walewale. Paa la nyasi lenye rangi ya udongo halionekani. Mapaa ya bati yaliyobanana huunganishwa kuwa jengo moja. Mwamba mkubwa au tangi huhesabiwa kama nyumba. Picha ikiwa ya miaka mitatu iliyopita, mtaa mpya haupo. Mpango wa chanjo ukihesabu dozi kwa idadi ya majengo hayo, wa nyumba za nyasi na wa mitaa iliyobanana ndio watakaopungukiwa.

Data za Google huja na alama ya uhakika kwa kila jengo, na watu wengi hawaitazami. Kabla ya kuzitumia, gawa eneo kwa aina: mji uliopangwa, makazi yaliyobanana, vijiji vya paa za nyasi. Kwenye kila aina chagua kwa nasibu seli 30 za mita 100 kwa 100, uhesabu majengo kwa macho yako juu ya picha mpya, kisha andika mangapi algoriti imeyakosa na mangapi imeyabuni. Ni kazi ya siku mbili. Ukikuta kwamba mjini inakosa moja katika ishirini na vijijini moja katika tatu, huwezi kutumia kizingiti kimoja cha uhakika kwa wote. Na mwishoni chapisha makosa hayo pamoja na ramani.

Kunakoelekea

Picha zinaongezeka kuliko macho ya kuzitazama. Sentinel-2, satelaiti za Ulaya zinazotoa picha bure, zina pikseli za mita 10 na hurudi kila baada ya siku 5 zikiwa mbili. Sentinel-1 ni rada, inaona usiku na kupitia mawingu. Upande wa biashara kuna picha za sentimita 30, ambapo gari linatambulika na mtu ni pikseli moja au mbili. Uso hauonekani, lakini gari linaloegeshwa mbele ya nyumba kila Jumanne linaonekana. Sheria nyingi za faragha ziliandikwa zikiwazia jina na uso. GDPR, sheria ya Ulaya ya kulinda data iliyoanza kutumika 2018, ilitaja data za mahali waziwazi kuwa zinaweza kumtambulisha mtu, na Januari 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilimzuia mchuuzi mmoja wa data za simu kuuza taarifa za watu wanaotembelea sehemu nyeti kama vituo vya afya. Ni hatua nzuri, ila zinawafikia wauzaji. Faili huria halina muuzaji wa kushtakiwa.

Jambo linalonipa wasiwasi zaidi ni kwamba kuondoa koodineti kwenye picha hakutoshi tena. Mifumo ya akili mnemba sasa hukisia mahali picha ilipopigwa kwa kutazama umbo la kilima, aina ya nguzo za umeme na rangi ya udongo. Kwa picha za mtu anayejificha, mandhari nayo inapaswa kukatwa.

Upande mwingine ni nani anashika msingi. Desemba 2022 Amazon, Meta, Microsoft na TomTom zilianzisha Overture Maps Foundation, inayounganisha data za OpenStreetMap na nyingine kuwa tabaka moja safi. Matokeo yake ni mazuri kutumia. Hata hivyo picha ambazo wachoraji wa kujitolea huchora juu yake hutolewa kwa ruhusa ya kampuni, na ruhusa hukatwa. Mradi wa umma unaotegemea tabaka moja la picha uwe na mpango wa pili, walau Sentinel na picha za droni zake wenyewe zilizohifadhiwa kwa leseni inayodumu.

Kuna pia uzee wa data, ambao haupendezi kuuzungumzia kwenye mikutano. Daraja liliondoka na mafuriko na ramani bado inapitisha magari ya wagonjwa juu yake. Weka safuwima ya tarehe ya uhakiki wa mwisho kwa kila kitu, tofauti na tarehe ya kuchapishwa, na bajeti ya mradi iwe na fungu la kurudi uwandani mwaka wa pili na wa tatu. Seti isiyo na mtu wa kuihuisha iandikwe hivyo juu kabisa ya ukurasa wake.

Na siku nukta nyeti zitakapotoka kwa bahati mbaya, maana zitatoka, fanya kwa mpangilio huu. Ondoa faili, kisha ondoa matoleo yake ya zamani: git, programu ya kutunza matoleo ya mafaili, huweka historia, OpenStreetMap huweka historia, na kilichofutwa kwenye ramani bado kinasomeka mpaka wasimamizi wakifiche rasmi kwa ombi lako. Tafuta nakala kwenye hifadhi nyingine na kwenye akiba za injini za utafutaji. Lakini kabla hujamaliza hayo, siku ileile, wapigie simu waliomo kwenye faili au mtu wanayemwamini, uwaambie kilichotoka, kwa usahihi wa mita ngapi, na tangu saa ngapi. Maji yakimwagika hayazoleki, na wao ndio wanaojua kama usiku huo wanaweza kulala pale.